Vidole Vinavyoshika Kilima

Ninyi vijana mnaobeba maziwa leo, na ninyi mnaodhani kazi hii ni ya nguvu tu, vueni kwanza hizo bote za mpira miguuni. Kama uko mahali pa baridi, vua moja, inatosha. Sasa tazama mbele ya mguu wako: vidole, na ule mto wa nyama ulio chini yake, pale mguu unapokunjika ukitaka kuruka mtaro. Chezesha kidole gumba. Kinatii? Basi mimi nakuonea wivu, na ninasema mapema ili usishangae tukiwa katikati ya safari. Mguu wangu wa kulia hauna kidole gumba. Kilikwenda, na jirani yake akakifuata.

Naitwa Bauma, lakini tangu binti yangu wa kwanza azaliwe watu wananiita Papa Neema. Nilibeba maziwa kwenye vilima vya juu ya Kirolirwe tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zikaanza kuwa nyeupe. Asubuhi tulipanda malishoni, tukajaza maziwa kwenye bidoni, yale madumu makubwa, tukayateremsha mgongoni kwa kamba ya kichwani mpaka bondeni, kwenye nyumba ya fromaji ya Papa Fidele. Fromaji ndiyo jibini, yale magurudumu ya njano mnayoyaona yakipakiwa kwenye lori. Watu wakiila wanasifu ng'ombe, wanasifu majani ya Masisi, wanamsifu Papa Fidele. Sijawahi kumsikia mtu akitafuna fromaji huku akisifu mguu.

Na bila mguu hakuna fromaji. Maziwa yana kinyongo. Ukiyatikisa njiani hayalalamiki, yananyamaza tu humo ndani ya bidoni, halafu ukifika unakuta yamejitenga, punje za siagi zinaelea juu. Kila mchungaji anajua, maana siagi inatengenezwa hivyohivyo, kwa kutikisa kibuyu. Mbebaji mbaya ni kibuyu chenye miguu miwili. Papa Fidele alikuwa na kijiko kirefu cha mti. Alikichovya, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, na sote tukakodolea macho ncha yake. Punje zikionekana, maziwa yako yanarudi nyumbani na wewe, na wenzako wanakusindikiza kwa kicheko.

Mimi nilianza kwa kibuyu. Nilikuwa kijana, mashavu ya miguu magumu, bote mpya zinang'aa, na nikafikiri ubora ni kufika kwanza. Nikateremka mbio, visigino vikigonga ko, ko, ko, nikawapita wote. Nikafika natoka jasho, nikajiegemeza mlangoni kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Papa Fidele akachovya kijiko, akatazama, akanitazama.

"Kijana," akasema, "mi niliomba maziwa. Hii iko ya kupakaa ku mukate."

Nyuma yangu akafika Mama Zawadi, bibi mwenye wajukuu, akiongoza mstari wote, hana hata tone la jasho usoni. Bidoni yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Kijiko kikatoka cheupe, laini, hakina hata punje moja. Wivu wangu wa kwanza katika kazi hii ulikuwa juu ya bibi huyo, na haukuwa mdogo. Nilikwenda nyumbani nikakataa chakula.

Kesho yake nikamfuata njiani nikamwuliza anafanyaje. Alinivulisha bote. Alinigusa vidole vya mguu kwa ncha ya fimbo yake, kimoja kimoja, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni Kitshanga.

"Wee unatembeaka na kisigino sawa muntu anapiga misumari," akasema. "Kisigino iko ya kusimamia. Ya kutembelea njo hii ya mbele. Umeilalisha mu bote sawa mutoto mugonjwa."

Alinifundisha kwa maji. Alijaza bidoni maji ya mto, akatia kipande cha sabuni, akanituma niteremke kilima. "Ukifika na povu," akasema, "unarudia." Nilirudia mpaka wachungaji wakaanza kuniita Fundi wa Kufua. Siku nilipofika maji yakiwa yametulia, hakunisifu. Alimwaga yale maji, akaniambia niende nikabebe maziwa, watu wanangoja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hili hamtalipata juu ya pikipiki. Bidoni ijazwe mpaka shingoni. Iliyojaa nusu inacheza ngoma yake. Unapoteremka, usitangulize kisigino, hakina macho. Tanguliza mbele ya mguu, vidole vimetawanyika, viguse udongo kabla hujaupa uzito, halafu kisigino kifuate polepole, kama mgeni anayeketi kwenye kiti cha watu. Goti lisinyooke kabisa. Unapopanda, sukuma kwa kidole gumba. Ndicho kinachosema neno la mwisho kila hatua. Mvua ikinyesha, bote zitundike shingoni, vidole viingie topeni kama misumari ya hema. Bote ikiwa kubwa kuliko mguu, jaza majani makavu kwenye ncha. Ukifika, osha miguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, pakaa mawese kwenye nyufa. Na funza, jamani, funza! Mtoeni siku hiyohiyo kwa pini. Nilimjua mwenzetu aliyemwacha funza chini ya ukucha kwa uvivu. Alitembea akikikwepa kidole kile, na kila asubuhi Papa Fidele alimwuliza mkate uko wapi.

Mama Zawadi alipoacha kazi, mimi ndiye niliyetembea mbele. Hili lazima mlielewe. Tulishuka kwa mstari, na wa mbele ndiye anayechagua njia. Wengine wanaweka mguu palepale alipoweka wake. Akikosea, wote wanakosea. Hakukuwa na cheo kingine kwenye kilima chetu kilichonipendeza kuliko hicho. Nilisikia miguu ya wenzangu nyuma, ikianguka mahali pa mguu wangu, na moyo ukajaa. Vita ilitukimbiza zaidi ya mara moja, ng'ombe wakapungua, tukarudi, wakaongezeka. Kila tuliporudi, kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni kama mbele bado ni yangu.

Halafu akaja Matendo.

Alitoka Walikale, msituni. Baba yake alikuwa mwindaji, na yeye mwenyewe alikuwa amebeba mizigo ya wachimbaji kule Omate mpaka akachoka nayo. Alioa msichana wa kilima chetu, akahamia kwetu, akaomba kazi. Mtu mfupi, mpole, mwenye miguu mipana mbele kama majembe, vidole vimeachana kila kimoja na njia yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nikaanza kuumwa siku hiyohiyo.

Siku yake ya kwanza nilimweka nyuma yangu ili nimsikie akiteleza. Sikumsikia kabisa. Niligeuka kutazama kama bado yupo. Yupo. Nikatembea tena, kimya, nikageuka tena. Yupo, anatabasamu, ananisalimu kana kwamba tumekutana sasa hivi. Tulipofika, kijiko kilitoka cheupe kwangu, kikatoka cheupe kwake.

"Huyu mugeni alibebaka maziwa wapi?" Papa Fidele akauliza.

"Bado, Papa," Matendo akajibu. "Kwetu nilibebaka nyama."

Jioni mke wangu, ambaye alikuwa amekuja kwa Papa Fidele kuchukua mabaki ya maziwa kwa ajili ya nguruwe, alisema mbele ya watu: "Huyu baba anatembea sawa muntu hapendi kuamusha mutoto." Kwangu, katika ndoa yetu yote, alikuwa amesema tu kwamba ninakoroma. Nililala nikitazama ukuta.

Nilijifanya ninamkagua, kama mkubwa wa kazi, nikamwuliza anaiwekaje miguu. Hakuficha kitu. Hilo nalo liliniudhi, maana mimi ningeficha.

"Papa alinifundishaka mu pori," akasema. "Nyama iko na masikio. Mbele ya muguu inauliza udongo kwanza. Udongo ikikubali, njo unapeleka uzito."

"Na ikikataa?"

"Unaomba musamaha, unatafuta fasi ingine."

Mimi nilikuwa nimejifunza kuukamata udongo. Yeye aliuomba. Na udongo, kama watu wengi, unampenda anayeomba. Nikaanza kumpa bidoni nzito, ile ya mpini uliovunjika. Akafika nayo. Nikampeleka kwenye malisho ya mbali, yenye njia ya mawe. Akafika, akashukuru kwamba huko kuna upepo mzuri. Kwa siri nikajaribu kutembea kama yeye, nyuma ya migomba, mpaka mashavu ya miguu yakakaza na mke wangu akaniuliza kwa nini naingia nyumbani kama jogoo.

Kitu kimoja tu kilinifariji: Matendo aliogopa ng'ombe. Msituni kwao hawana. Wakati wa kukamua alisimama mbali, nyuma ya uzio, bidoni ameikumbatia. Hapo nilikuwa mfalme. Nilipita katikati ya ng'ombe nikiwapiga makofi mgongoni, nikiwaita majina yao, nikihakikisha ananiona. Asubuhi moja nilikuwa karibu na Bihogo, ng'ombe mwekundu mnene, nikapiga kelele watu wote wasikie: "Matendo! Ng'ombe hana hata meno ya juu mbele, wee unaogopa nini?" Nikageuka niwatazame wanaocheka. Bihogo akaweka kwato lake juu ya mguu wangu, akabaki amesimama hapo, anatafuna.

Aliyeruka uzio kumsukuma Bihogo alikuwa Matendo. Anatetemeka mwili mzima, macho ameyafumba, anasukuma. Ndiye pia aliyenibeba mgongoni mpaka kituo cha afya, na hata katika maumivu yale nilitambua kwamba sitikiswi. Nilikuwa nalia, na ninaona wivu, vyote pamoja. Kama hamjawahi kuwa hivyo, hamjaishi.

Kidonda kikaharibika, kidole gumba kikakatwa pamoja na cha pili. Muuguzi aliniambia nitatembea tu, na hakunidanganya, kwa mtu anayeishi mahali tambarare. Kwenye kilima ni mambo mengine. Unapanda, unafika mahali pa kusukuma, na hakuna anayesukuma. Unateremka, unataka kushika, na mbele hakuna kitu, mguu unaanguka pa! kama kandambili iliyokatika kamba. Bidoni moja tu niliyojaribu kuibeba baada ya kupona ilifika kwa Papa Fidele ikiwa siagi tupu. Hakutania siku hiyo. Alinipa kiti, akaniambia niwe ninaosha bidoni pale mlangoni.

Mbele ya mstari ikawa ya Matendo. Kila asubuhi niliketi na brashi yangu nikiwaona wanashuka, yeye wa kwanza, wenzangu wakiweka miguu yao palepale alipoweka wake. Nilitamani ateleze. Si aumie, hapana, ateleze tu, aketi chini kwa makalio mbele ya watu, ainuke ana tope. Niliomba hilo zaidi ya nilivyoombea mvua. Alikuwa akifika, ananiletea bidoni ya kuosha kwa mikono miwili, anasema, "Pole na kazi, Papa Neema." Sasa umchukie mtu kama huyo kwa kitu gani?

Siku hizi mnapakia maziwa kwenye pikipiki pale barabara ilipo nzuri, na nyuso zenu zinasema wazee tulikuwa wajinga. Sawa. Ila nimewaona mkipita kwenye mawe, bidoni inaruka, na nimekiona kijiko baada yake. Malisho ya juu bado yanataka mguu. Nawaonea wivu pikipiki, nawaonea wivu vidole vyote mlivyovifungia ndani ya raba za bei, havina kazi, vimekaa tu kama wageni wa harusi wanaongoja chakula. Na kwa kuwa nimetaja harusi, niwaelezee ya Neema.

Sisi wabebaji tulikuwa na desturi yetu. Mbebaji akioza binti, maziwa ya harusi anayateremsha yeye mwenyewe, mgongoni, toka malishoni mpaka uwanja wa wakwe. Hapo bidoni inafunguliwa mbele ya watu wote na kijiko kinachovywa. Maziwa yakiwa safi, baba anapewa kikombe cha kwanza. Yakiwa na punje, watu wanacheka, na kicheko hicho hakimfuati baba, kinamfuata binti. Kulikuwa na mwanamke kilima cha pili aliyeitwa Mama Siagi mpaka akazeeka, yeye aliyekuwa hajakosa lolote, kwa sababu ya mguu wa baba yake.

Neema alipopata mchumba, kijana mwendesha pikipiki wa kule chini kwenye njia ya Kitshanga, tulikaa nyumbani tupange. Mchumba alikuwepo.

"Papa mukwe, hapana kujisumbua," akasema, akiionyesha kwa mkono pikipiki yake nje. "Maziwa nitaleta na moto yangu, mbio tu."

"Ukileta na moto," nikamwambia, "utaoa na mukate."

Mke wangu akakohoa. Nilijua kinachokuja. "Matendo abebe," akasema. "Iko sawa mudogo wako. Alikubeba wee muzima, atashindwa bidoni?"

Nikamtazama Neema anitetee. Akainamisha kichwa. "Papa, sitaki uanguke mbele ya batu," akasema polepole. "Na sitaki baniite Mama Siagi. Papa Matendo abebe, wee utembee pembeni umevaa kositime na tai."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kwato la Bihogo. Binti yangu mwenyewe, na yeye alikuwa amemchagua Matendo. Nikasema maziwa ya mtoto wangu nitabeba mimi, kama ni kwa magoti nitabeba, na atakayelitaja tena jina la Matendo ndani ya nyumba hii alale nje. Mke wangu, aliyeujua wivu wangu, akasema, "Ile jaluzi yako itamuletea mutoto haya." Mazungumzo yakaishia hapo.

Nikarudi kwenye maji na sabuni. Kila alfajiri, nyuma ya migomba, bidoni mgongoni, kilima kidogo tu cha kuteremka. Nilifunga kitambaa mbele ya mguu. Povu. Nikajaza majani kwenye ncha ya bote. Povu. Nikatembea kwa ubavu kama kaa. Povu mpaka linatoka shingoni. Siku moja nikainua macho nikamwona Matendo amesimama kwenye njia, ametazama lile povu. Nilingoja aseme. Angesema neno moja tu, ningemrushia bidoni.

"Mvua iko karibu, Papa Neema," akasema, akaenda zake.

Na kweli ilinyesha. Ilinyesha siku yote kabla ya harusi, ikaacha asubuhi yenyewe, jua safi, na mteremko wa mwisho unaoelekea kwa wakwe, ambao sisi tuliuita Kitelezi hata wakati wa kiangazi, ukawa unang'aa kama samli. Huko chini uwanja wote ulionekana: mahema, wakwe, mchungaji wa kanisa, Papa Fidele na kijiko chake. Na wao walituona sisi. Kina mama nyuma yetu walikuwa wanaimba, lakini tulipofika pale juu, wimbo ukafifia. Neema alikuwa katikati yao. Sikugeuka kumtazama, maana nilijua uso wake ulivyo.

Nilitangulia, kama baba anavyopaswa, wabebaji wenzangu wakinifuata kwa mstari. Nikaweka mguu wa kulia nijaribu, ukaenda wenyewe, nikaurudisha. Moyo ulikuwa unapiga mpaka niliogopa kwamba huo wenyewe utatikisa maziwa.

Hapo Matendo akatoka kwenye mstari. Alikuwa amevaa shati jeupe na suruali aliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Akavua viatu, akakunja suruali, akanipita, akashuka mbele yangu.

"Wee Matendo!" nikasema. "Rudi nyuma! Leo mbele iko yangu!"

"Naangaliaka tu njia, Papa," akasema, hakugeuka.

Damu ilinipanda. Mtu ameshachukua kazi yangu, amechukua sifa za mke wangu na imani ya binti yangu, na sasa siku moja iliyobaki anaitaka pia. Nilitaka kumpigia kelele mwizi. Halafu, wapendwa, akateleza. Mguu ulimponyoka, akajikamata, akapiga hatua nyingine, akayumba tena, mikono hewani, tope limeruka mpaka kwenye shati. Huko chini watu wakaanza kucheka. "Matendo amekunywa mapema!" mtu akapaza sauti. "Muntu wa pori imemushinda kilima!" Na mimi, siwafichi, nilifurahi. Nilikuwa nimeliomba miaka mingi, na Mungu amelileta siku ya harusi kama zawadi.

Kwa furaha ile nikasahau kuogopa, nikaweka mguu wa kulia pale alipoteleza yeye. Ukashika.

Nikatazama chini. Alama yake ya mguu wa kushoto ilikuwa ya kila siku, nyepesi, kama kuku amepita. Ya kulia ilikuwa shimo. Alikuwa ameizamisha mbele ya mguu wake, akaizungusha, akausukuma udongo mbele mpaka ukasimama kama ukuta mdogo, palepale ambapo vidole vyangu vingekuwa. Nikatazama hatua iliyofuata: kushoto nyepesi, kulia shimo na ukuta. Na iliyofuata, hivyohivyo. Hakuwa anateleza. Mtu anayechimba kwa mguu mmoja huku akitembea lazima ayumbe kama mlevi. Alikuwa ananitengenezea vidole vya udongo, mbele ya watu wote, na wao wanamcheka.

Nilishuka Kitelezi chote juu ya vidole hivyo. Niliuliza, udongo ukakubali, nikapeleka uzito. Bidoni ililala mgongoni mwangu kama mtoto aliyeshiba. Nyuma yangu kina mama wakaona, wimbo ukaanza tena, kwanza mmoja, halafu wote, na sauti ya Neema ilikuwa juu ya zingine.

Papa Fidele alifungua bidoni, akachovya, akakiinua kijiko juani. Alichelewa kusema kwa makusudi, mzee yule. Halafu akalia kama mtu aliyefiwa: "Hakuna hata punje! Batu, hakuna!" Vigelegele vikapanda. Wakanishika mikono, wakanizungusha, wazee wakawaambia vijana wautazame mguu wangu uliopungukiwa vidole. Baba yake mchumba akamwita Matendo, aliyekuwa amesimama pembeni, tope mpaka shingoni, shati si jeupe tena.

"Wee njo banasemaka unatembea sawa paka?" akamwambia. "Kuja ujifunze kwa muzee!"

"Njo vile, Papa," Matendo akasema. "Huyu njo alitufundishaka."

Wakaniletea kikombe cha kwanza. Nilikishika, nikaona siwezi kukimeza. Nikatembea nacho mpaka kwa Matendo, nikakiweka mikononi mwake, nikasema kwa sauti uwanja wote usikie: "Maziwa hii, huyu njo alibeba. Bila yeye ningeanguka kule juu."

Halafu uwanja ukalipuka. "Ona muzee! Ona roho ya kujishusha!" Mchungaji akasema hilo ndilo atakalohubiri Jumapili. Nikapaza sauti tena, nikasema jamani nasema kweli, nendeni mkatazame alama, na kadiri nilivyosema walizidi kupiga makofi. Neema akanikumbatia akilia, akasema hakujua ana baba wa namna hii. Juu ya Kitelezi kina mama na watoto walikuwa wameshapita na kukanyaga kila kitu.

Matendo alikunywa kikombe chote, akajipangusa mdomo kwa mkono wenye tope. "Acha tu, Papa," akaniambia polepole. "Banakusifu, itika." Na akacheka, uso umetulia, kama mtu ambaye hana anachodai popote.

Nilikuwa na maziwa safi, binti aliyeolewa bila kicheko, na sifa za kilima kizima. Nikamtazama mtu yule aliyejaa tope, nikamwonea wivu kuliko siku zote.